Mgahawa wa Mbao Wenye Mlango Wazi

Kaka yangu alikuwa na pua ya msiba. Mgahawa wowote wa zamani ukianza kukohoa hapa mjini, yeye alijua kabla ya mwenye mgahawa. Aliingia, akaagiza chai, akaiacha ipoe huku akiikagua fremu ya mlango na kupapasa ukingo wa meza kwa kidole gumba. Wenye migahawa walimwogopa. Kuna bwana mmoja ambaye akimwona tu kizingitini alimwambia chai ya leo ni bure, kunywa haraka uende zako, na kaka alikunywa na kuondoka akicheka. Mwaka haukuisha, mgahawa wa bwana yule ukageuka duka la matairi, na siku ya mwisho kaka akaenda na msumeno wake mdogo kwenye mfuko, kama alivyokwenda kwa wengine wote.

Ni seremala. Mji mzima unamwita Fundi, mimi namwita kaka kwa sababu alitangulia kuzaliwa, si kwa sababu ya busara. Kazi iliyomlisha ni vitanda, makabati na milango. Kazi aliyoipenda ni vijumba.

Vijumba vilianza pale nyumba ya chai ya karibu na stendi ya mabasi ilipobomolewa kupisha barabara. Mwenye nyumba ile ya chai, mama mmoja mjane, alisimama kando analia, na kaka akaingia kwenye vumbi lile. Akaokota kipande cha kaunta kwenye kifusi, akaenda nacho karakana. Baada ya wiki kadhaa akampelekea yule mama nyumba yake ya chai, inayoenea kiganjani: paa lililobonyea upande mmoja, kibao cha jina, dirisha la kuuzia, na juu ya dirisha birika dogo kama punje ya hindi. Vyote vilitoka kwenye mbao ileile ambayo yule mama aliifuta kwa kitambaa tangu ujana wake. Nasikia alilala nayo chini ya mto.

Basi, ukifungwa mgahawa mwingine, watu wakamfuata. Ukifungwa mwingine, wakamfuata tena. Kaka akajiwekea masharti na hakuyavunja. Mbao lazima itoke ndani ya mgahawa wenyewe, iwe ya benchi, kaunta au mlango, na kwa kuwa hakuna mtu anayekubali kaunta yake ikatwe wateja wakiwa wanakula, ilibidi asubiri mgahawa ufe kwanza. Chini ya kijumba aliandika kwa msumari wa moto jina la mgahawa na miaka miwili, wa kufunguliwa na wa kufungwa. Na mlango aliuchonga umefungwa, siku zote. Alisema si heshima kuacha mlango wazi wakati ndani hakuna mtu.

Viliuzwa kwa Mpiga Picha, ambaye studio yake ina dirisha kubwa la kioo linalotazama barabara kuu. Alivipanga pale kwa safu, na watu walisimama nje wakionyeshana: hapa ndipo tulipokula siku ya kwanza ya mshahara, hapa ndipo baba yako aliponitongoza. Walivinunua, wakavipanga juu ya kabati la televisheni. Karani mmoja mstaafu, ambaye sote tunamwita Mzee Posta, alikuwa navyo vyote bila kukosa hata kimoja, na alivifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe kwa kuwa mke wake hakuruhusiwa kuvigusa.

Mimi sikuwahi kuwa shabiki. Niliwajua watu wale. Ndio haohao waliopita mbele ya migahawa ile wakienda kula kwenye viti vipya vya jirani, na sasa wanaifuta vumbi kwa mapenzi. Nilimwambia kaka kwamba anawauzia watu maiti. Akajibu kwamba angalau maiti wanazitunza.

Nilikuwa na haki ya kuwa mkali, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na mgahawa wa zamani. Aliuanzisha mama, mimi nikiwa sijaanza hata kung'oka meno ya utoto. Ulikuwa chumba kimoja kirefu, jiko nyuma, meza katikati, na benchi la mbao lililoegemea ukuta kuanzia dirishani hadi mlangoni. Jikoni kulikuwa na sufuria la mama, kubwa hivi kwamba kaka anadai tuliogeshwa humo, jambo ambalo mimi nimelikana maisha yangu yote kwa ajili ya sifa ya biashara. Maharage yalipandishwa humo alfajiri kwa moto mdogo, yakapikika polepole hadi mchana. Tukitoka shule tulikaa kwenye lile benchi, mimi upande wa dirisha, kaka mwisho kabisa, karibu na mlango. Mama alipoondoka duniani mimi nikashika mwiko, kaka akabaki na nafasi yake. Kila mchana alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi, akakaa palepale, akala maharage yaleyale. Alikuwa ananiita Pilipili, na wateja walicheka, na mimi niliwatazama mpaka wakaacha.

Sisemi mgahawa ulikuwa na afya ya ng'ombe. Ng'ambo ya barabara walishafungua migahawa miwili yenye vioo na muziki. Lakini ofisi za jirani zilikuwa zinaagiza chakula cha mchana kwangu, nilikuwa na msaidizi wangu wa jikoni, na sufuria likipanda asubuhi lilikuwa linashuka jioni tupu. Mpishi hahitaji zaidi ya hapo ili alale vizuri.

Kisha macho ya kaka yakaanza kumgeuka. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi na kilichobaki nacho kiko njiani kuondoka. Kaka aliniambia haya akiwa amesimama kwenye kaunta, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba misumari imekwisha. Nililia. Akaniambia niache, nadondosha machozi kwenye supu ya watu.

Siku chache baadaye alikuja na mkokoteni kuchukua benchi. Alisema mguu mmoja umelegea. Haukuwa umelegea hata kidogo, lakini nilidhani anataka kunifanyia kazi wakati bado anaona, nikamwachia. Alilirudisha likiwa na ubao mpya wa kukalia, laini, unanukia vanishi. Nikawaka. Nikamuuliza uko wapi ubao wa mama. Akasema uliingia wadudu. Na fundi akikwambia ubao umeingia wadudu, wewe ni nani wa kubisha? Nilinuna, nikampa sahani yake, yakaisha.

Wiki mbili tatu baadaye alikuja tena, wateja wa mchana walipokwisha kuondoka. Alikuwa anafuata ukuta kwa mkono, na kwapani alikuwa na kitu kimekunjwa kwenye foronya. Akakiweka kaunta, akasema kifungue.

Kilikuwa mgahawa wetu. Kulikuwa na ufa ulio juu ya dirisha, ambao kila mwaka nilisema nitauziba. Kulikuwa na kibao cha mama chenye herufi zilizoanza kubwa na kuishia ndogo kwa sababu nafasi ilimwishia. Ndani kulikuwa na benchi, na kule nyuma sufuria, duara jeusi. Niliyaona ya ndani kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Kwenye vijumba vingine vyote mlango ulikuwa mchoro tu ukutani, lakini huu ulikuwa kipande chake peke yake, kimeshikwa kwa pini mbili, na nilipokikaribia ulitikisika kwa pumzi yangu. Nikakipindua. Chini palikuwa na jina, mwaka wa kufunguliwa, kistari, basi.

"Wengine wote niliwangoja," kaka akasema. "Wewe sikuweza kukungoja. Macho yasingenisubiri."

Nililia kwa mara ya pili mbele yake ndani ya mwezi mmoja, na safari hii hakunikataza. Aliniambia hiki ndicho cha mwisho, hataweza kingine, na kwamba katika vyote alivyowahi kuchonga hakuna kilichomtoka vizuri namna hii. Nami nilijua anasema kweli. Nikakiweka kaunta, kando ya kikombe cha vijiti vya meno, mahali nitakapokiona nikikoroga.

Kosa lililofuata ni kosa ambalo kaka yangu peke yake angeweza kulifanya. Ubao wa benchi ulikuwa mrefu. Alikuwa amechonga vijumba vya mgahawa wangu zaidi ya dazeni, na kama ilivyokuwa desturi yake, vilivyobaki alivipeleka kwa Mpiga Picha. Na Mpiga Picha, kama ilivyokuwa desturi yake, akavipanga dirishani katika safu ya vingine. Kwenye dirisha lile hakukuwahi kukaa mgahawa ulio hai hata siku moja. Mji mzima ulijua kulisoma.

Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Posta. Aliingia kofia iko kifuani, anatembea kama aliyeingia nyumba ya matanga, akanikuta nimeshika mwiko. Alishtuka mpaka akashika meza.

"Pole sana, mama," akasema.

Nikamuuliza pole ya nini. Akatazama mvuke unaotoka jikoni, akatazama watu wanaokula. Mwisho akatoa kijumba mfukoni. Alikuwa amekwisha kukinunua. Akanionyesha chini, akasema kwa unyenyekevu kwamba alidhani Fundi amesahau kuandika mwaka wa kufungwa, kwa ajili ya macho. Nilimkalisha kwenye benchi, nikamweleza, na kwa aibu aliyokuwa nayo alikula sahani mbili. Akaondoka tunacheka wote.

Kicheko hakikufika mbali. Kesho yake zikaja pole nyingine. Wiki iliyofuata, mtu aliyekuwa akiagiza chakula cha ofisini akapita kunieleza, ameinamisha macho, kwamba aliona dirishani nimefunga, akaona vibaya kuja kunisumbua kwenye huzuni yangu, akapatana na watu wa ng'ambo. Sasa wameshapatana, afanyeje? Msaidizi wangu naye alisikia habari hizo sokoni. Badala ya kuniuliza, akatafuta kazi kimyakimya, akaipata, akaogopa kuikataa. Ana watoto. Sikumlaumu, ingawa siku aliyoniaga nilikatakata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika.

Nikachukua boksi, nikaandika kwa mkaa TUPO WAZI, nikalitundika nje. Watu wakasoma, wakaelewa kwamba mahali pamepata mwenyewe mpya. Mmoja aliingia, akaagiza supu, akaniuliza kwa sauti ya chini yule mama wa zamani alifariki lini.

"Bado anajitahidi," nikamjibu, nikamwekea mkate.

Nikaenda kwa Mpiga Picha nikamwomba aviondoe. Akaviondoa siku hiyohiyo, na akaniomba radhi kutoka moyoni, kwa kuwa hakuwa na nia mbaya. Lakini safu ikabaki na pengo, wapitao wakauliza pale pameondolewa nini, na kabla hajajua aseme nini wakajijibu wenyewe kwamba vimekwisha, vimegombaniwa. Hapo ndipo watu walipoanza kuja kwangu kwa wingi. Hawakuja kula. Walikuja kuuliza kama Fundi amebakiza hata kimoja. Bwana mmoja alisimama mlangoni pangu, harufu ya maharage inampiga usoni, akanisimulia jinsi alivyopapenda mahali hapa utotoni, jinsi dunia inavyoharibika, vitu vizuri vyote vinaondoka. Nikamwambia aketi, nimpakulie. Akatazama saa yake, akasema labda siku nyingine.

Mzee Posta alikuja na wazo. Alisema ni kaka mwenyewe tu anayeweza kuliua neno hili. Azungushwe mjini, ashikwe mkono, aseme kwa kinywa chake kwamba alichonga mapema. Watu wangemwamini kwa sababu ndiye aliyekuwa mwenye kuthibitisha vifo vya migahawa. Wazo lilikuwa zuri. Nililikataa palepale.

Wakati huo kaka alikuwa hatofautishi tena mchana na kivuli. Nilikuwa namleta mgahawani kwa mkono, namkalisha mahali pake, na watu wakiwa wachache nilikuwa nagongesha sahani ili asikie shughuli. Alikuwa ameacha randa, patasi, kila kitu. Alichobaki nacho ni kujua kwamba kazi yake ya mwisho ilikuwa ile, na kwamba alinifanyia mimi. Angejua kwamba kijumba kile ndicho kinachoniangusha, asingepona. Namjua. Asingesema kitu, angekaa tu na jambo hilo gizani siku baada ya siku. Mgahawa naweza kuishi bila huo, nilimwambia Mzee Posta, lakini hili kaka asilijue. Nikamwapisha. Aliapa kwa kabati lake.

Halafu watu wakaanza kumpigia simu mwenye nyumba, kumuuliza kile chumba kilichobaki kitupu kinapangishwa lini. Alinipigia na yeye, kwa adabu. Nikamwambia chumba kina mtu na mtu anapika. Lakini moyoni nilishaanza kuchoka. Unapandisha sufuria alfajiri, jioni unamwaga nusu yake, na mimi ni mtoto wa mama yangu, kumwaga chakula ni dhambi nisiyoweza kuizoea. Mwisho nilimpelekea funguo kwa miguu yangu.

Siku ya kufunga ilikuwa imejaa. Unaweza kuamini? Waliposikia sasa ni kweli, walikuja wote. Walijaa mezani, walijaa kwenye benchi, wengine walikula wamesimama na sahani mkononi. Walinisifu. Walisema maharage kama haya hawatayapata tena, na mimi nilipakua na kutabasamu, na ndani ya kifua nilikuwa na hasira ambayo mpaka leo sijajua pa kuitua. Mwisho wa benchi, karibu na mlango, niliweka sinia. Kila aliyetaka kuliondoa akae, nilimkemea. Kaka hakuwepo. Nilikuwa nimempelekea chakula chake mapema, nikamwambia barabara yetu imechimbwa kwa ajili ya mabomba, hapapitiki na mtu asiyeona, angoje wamalize. Kwa kuwa barabara hapa huchimbwa na kusahauliwa, niliona uongo huo utaishi muda mrefu.

Sufuria la mama nililiuza kwa shule moja, kwani kwenye jiko langu la nyumbani lisingekaa hata kwa kulilaza. Benchi nilikwenda nalo. Mgahawa sasa ni duka la simu.

Nikawa napika nyumbani, kwenye sufuria dogo, na saa ileile ya siku zote nampelekea kaka hotpoti. Anakaa kwenye chumba cha nyuma ya karakana yake, kitanda kando ya dirisha, harufu ya mbao kavu ikipenya kutoka mlango wa pili. Siku ya kwanza alitafuna taratibu, akaacha kidogo, akatafuna tena.

"Leo maharage yameiva haraka," akasema.

Nikamwambia mkaa ulikuwa mzuri. Akasema haya.

Kijumba changu nilimwachia yeye, kwa kuwa yeye hakujibakizia hata kimoja. Kilikaa dirishani, usawa wa mkono wake. Nikiingia, alinyoosha kidole, akausukuma mlango mdogo, ukazunguka kwenye pini zake, akaniuliza, "Kuna watu?" Nami namjibu, "Wamejaa." Hapo ndipo hadithi ilipoanzia.

Nilikuwa mwongo hodari, sikujua kama nina kipaji. Nilimwambia nani alikuja na nani aligombana na nani. Nilimwambia yule fundi cherehani, mteja wetu wa zamani, bado anapuliza supu kama anawasha moto, na kaka alicheka mpaka akakohoa. Msaidizi wangu nilimwozesha. Yule wa ofisini nilimfanya aagize sahani nyingi kuliko tulizonazo, nikaazima kwa jirani. Wateja wengine niliwaumba mwanzo mwisho, na kulikuwa na mmoja, bwana mwenye mbwa asiyetaka kubaki nje, ambaye kaka alimpenda sana, akawa anamuulizia. Nikirudi nyumbani njia nzima natunga ya kesho. Na ukweli ni kwamba ilinisaidia na mimi. Kwa muda ule wa chakula nilikuwa bado na mgahawa. Lakini nilianza kuchoka. Kuna siku nilikosa cha kusema, nikarudia hadithi ya juzi, na kaka akacheka mahali palepale kama aliyeisikia kwa mara ya kwanza.

Juzi nilifika nikakuta chumba kinanuka gundi ya mbao. Kaka alikuwa ameketi kitandani, mikono imelala magotini, na vidoleni mwake kulikuwa na utando mweupe unaobanduka. Nikafurahi. Nilidhani ameingia karakana kupapasa vitu vyake, kwamba labda mikono imemkumbuka. Nikamimina chakula, nikamkabidhi sahani. Hakuniuliza kama kuna watu. Sikulitilia maanani, nikaanza mwenyewe. Nikamwambia leo nimekoma, benchi limejaa mpaka mwisho, yule wa mbwa kaja na mgeni, mbwa kalala mlangoni watu wanamruka, na mlango wenyewe...

Nikageuka kutazama kijumba kwa vile nilikuwa nataja mlango. Ulikuwa umefungwa.

Ulikuwa umebandikwa. Gundi ilikuwa imezidi, imetiririka hadi kizingitini, na pembeni, palipokuwa hapajakauka vizuri, palikuwa na alama ya kidole gumba. Yeye ambaye katika maisha yake hakuwahi kuacha gundi ionekane kwenye kazi. Nikafunika hotpoti.

Yeye alikula kijiko kimoja, viwili.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu ile siku ya kwanza," akasema. "Maharage ya sufuria la mama hayaivi hivi, Pilipili. Nimeyala maisha yangu yote."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha nidanganye muda wote huu. Akasema nilikuwa nakuja kila siku na mgahawa umejaa, angenikatiza vipi? Lakini siku hizi anaisikia sauti yangu. Imechoka, akasema, kuhudumia watu wasiokuwepo. Ndani hakuna mtu, akasema, na mimi najua msimamo wake juu ya milango.

Bado nilitaka kuokoa kitu kimoja. Nikamwambia biashara zote za zamani zinakufa, si kwangu tu. Nikataja migahawa ya vioo, nikamtaja mwenye nyumba, nikayataja maduka ya simu, bei ya mkaa, nikataja hata uzee wangu, nikaenda mbio kama mtu anayejaza maneno kwenye shimo. Akaniacha nimalize.

"Nilikuweka dirishani na wafu," akasema, "na wewe unapika."

Sikuweza kukataa. Ningekataa angejua nadanganya, na hata nisingekataa alishajua. Niliketi kwenye kigoda cha kupigia randa nikalia kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya siku nilipokabidhi funguo. Kaka alikuwa analia pia, yale macho yasiyofaa kitu kingine yalikuwa bado yanajua kazi hiyo. Hakuniomba msamaha. Nadhani aliogopa kwamba nitampa haraka mno.

Nilipotulia niliona sahani yake imebaki nusu, nikaona siwezi kuondoka hivyo. Nikamwambia kuna siku moja sijamsimulia. Akageuza uso upande wangu.

"Siku ya mwisho walijaa kweli," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli, kaka. Walisimama mpaka nje."

Akafikiri kidogo. "Na benchi?"

"Benchi pia. Isipokuwa pale mwisho, karibu na mlango. Niliweka sinia, mtu asikae."

Alibaki ameshika sahani, haendelei kula. Kisha akajisogeza kitandani taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi lililojaa, akapapasa nafasi aliyoiacha kwa kiganja chenye gundi. Nikaenda nikakaa. Nikamsimulia siku ile yote, nani alikuja, nani aliomba aongezewe, nani alishindwa kumaliza sahani yake, nani alisema nini juu ya maharage ya mama, na safari hii sikuongeza hata mtu mmoja.